Mtoto wa zamu ya mchana hukaa na nani?

Niliporudi Gisenyi kutoka Masisi mwaka 2011, nilianza kupeleka nyanya Goma. Saa 12 asubuhi nilikuwa tayari kwenye foleni ya Petite Barrière, beseni kichwani.

Mdogo wangu nilimwacha kituo cha malezi, kinachopokea walio chini ya miaka 6. Mkubwa, wa miaka 8, hakuwa na pa kukaa. Tangu mwaka 2009 madarasa ya chini ya shule za msingi Rwanda yalikuwa na zamu mbili, naye alisoma mchana.

Siku moja nilimkuta mpakani akibeba mizigo ya watu apate sarafu. Shule hakuiona wiki nzima. Ningempiga kwa kosa gani?

Tukakutana akina mama sita, tukamwomba bibi jirani awaangalie watoto. Kila mmoja alitoa faranga 200 kwa siku, na unga wa uji juu yetu. Mchana bibi aliwasindikiza wa zamu ya pili hadi shuleni, akarudi na wa zamu ya kwanza.

Mama mwenzangu unayevuka mpaka, usingoje mradi. Tafuta wenzako watano na bibi mmoja mwaminifu.