Kofia Ngumu na Mteremko wa Mudende

Anayetoka Mudende, nchini Rwanda, na gunia la viazi mviringo kwenye keria ya baiskeli huanza safari akiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Kivu, kule Gisenyi anakoelekea, liko mita 1,460. Katika mteremko wote huo mwendo unazuiwa na vipande vya mpira vinavyobana rimu. Gunia likiwa la kilo 100, uzito wa baiskeli na mwendeshaji pamoja na mzigo umeshazidi maradufu, na joto la breki vilevile. Mvua ikinyesha rimu huteleza, na kijana hushusha mguu akakandamiza soli ya ndala kwenye tairi la nyuma. Je, huyu alazimishwe kwa sheria kuvaa kofia ngumu, kama anavyolazimishwa dereva wa pikipiki na abiria wake?

Kofia yenyewe inafaa, na hilo silitilii shaka. Chini ya ganda jembamba kuna povu gumu linalobonyea kichwa kinapogonga, likarefusha kidogo muda wa kichwa kusimama. Ubongo hupona kwa sababu ya sehemu hizo ndogo za sekunde. Povu likishabonyea halifai tena. Mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walijumlisha tafiti 40 zilizohusu majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000, wakaona kuwa kwa wavaaji majeraha mabaya ya kichwa yalipungua kwa takriban asilimia 69.

Lakini ina kikomo. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, huiangusha kofia kwenye chuma bapa kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, sawa na kichwa kinachoanguka kutoka mita 1.5. Aliyeteleza akaanguka kiubavu, hata kama alikuwa anashuka kwa kasi, kichwa chake huanguka kutoka kimo hichohicho, na kofia inaweza kumwokoa. Aliyekatikiwa breki akajibamiza kwenye lori au ukuta wa mawe ya volkano yuko nje kabisa ya kipimo hicho.

Sheria nayo ni jambo jingine. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha waendesha baiskeli wote, tarehe 1 Julai 1990. Ndani ya mwaka mmoja wavaaji walipanda kutoka asilimia 31 hadi 75, na waliolazwa kwa majeraha ya kichwa wakapungua. Ila jijini Melbourne vijana waliohesabiwa wakiendesha nao walipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wakati huohuo polisi walikuwa wanawabana walevi na wenda kasi barabarani. Kiasi gani cha nafuu kilitokana na kofia? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Mji wa Mexico uliifuta sheria yake mwaka 2010, na eneo la Seattle likafuta ya kwake mwaka 2022, baada ya kuonekana kwamba faini huko ziliwaangukia zaidi watu weusi na wasio na makazi.

Hapo ndipo ninapomwogopea mbeba viazi. Kijana wa Melbourne aliyeacha baiskeli alikuwa na basi. Wa Mudende akinyang'anywa baiskeli kwa kukosa kofia, familia hukosa chakula cha siku hiyo, na viazi vinabaki shambani. Kwenye pikipiki bei ya kofia ni sehemu ndogo ya bei ya chombo. Kwa baiskeli kuukuu, kofia iliyopimwa ni mzigo wa kweli.

Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, kila mshindani alivaa kofia. Ni lazima tangu 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki katika mbio za Paris–Nice. Ila barabara nazo zilifungwa, hakukuwa na lori nyuma yao. Wabeba viazi hawana ulinzi huo wa pili.

Kwa hiyo fedha za umma ningezianzia kwenye mpira wa breki unaobadilishwa kwa wakati, kwenye njia ya pembeni katika miteremko mikali, na kwenye kudhibiti mwendo wa malori. Kofia zilizopimwa ziuzwe kwa bei nafuu kupitia vyama vya ushirika vya waendesha baiskeli, watoto na abiria wakitangulizwa. Faini zisubiri mpaka kofia hizo ziwe zinapatikana madukani Mudende kwa bei ambayo muuza viazi anaimudu.