Datsun 240Z: Usiihukumu Giaboksi Bila Difu

Mteremko wa Kikopey humpa dereva somo la gia bila darasa. Anayetoka Nakuru hufika hapo barabara ikianza kupanda kuelekea Gilgil, na injini isiyo na gia inayoifaa huchoka mapema. Ng'ambo ya barabara, upande wa Ziwa Elementaita, ndiko ziliko njia za vumbi za Soysambu na Sleeping Warrior, ambako Safari Rally imekuwa ikipita tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Mashindano hayo ndiyo yaliyolijengea jina Datsun 240Z, lililoshinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari la umri huo huenda limebadilishiwa giaboksi zaidi ya mara moja, na anayetaka kulifufua lazima kwanza ajue ni giaboksi gani iliyomo.

Dai langu ni kwamba jibu halipatikani kwenye giaboksi peke yake. Nissan waliliuza gari hili kwa mipangilio tofauti. Lile la Marekani lilikuwa na gia nne na difu ya 3.364, yaani meno 37 kwa 11. Masoko mengine, Uingereza ikiwemo, yalipata gia tano na difu ya 3.9, meno 39 kwa 10. Gia ya tano ya giaboksi hiyo, toleo la 71B, ina uwiano wa 0.864; ukiuzidisha kwa 3.9 unapata 3.37. Gia ya nne ya lile la Marekani ni moja kwa moja, kwa hiyo jumla yake ni 3.364. Ni karibu sawa kabisa! Wahandisi walifika palepale kwa njia mbili. Ukichanganya njia hizo, uwiano unavunjika. Gia nne na difu ya 3.9 huifanya injini izunguke takriban mara 3,300 kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, badala ya 2,900. Gia tano na difu ya 3.364 huishusha hadi kama 2,500, na hapo kilima cha Gilgil kitamlazimu dereva arudi gia ya nne, pengine ya tatu.

Fundi atasema maandishi ya kasha yanatosha. Hayatoshi, kwa sababu kasha hueleza kasha tu. Giaboksi za ukoo wa 71 zimepewa namba hiyo kutokana na milimita 71 kati ya shafti mbili za ndani, na pikapu nyingi za Datsun na Nissan za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia ndugu zake. Kwa hiyo gia za pikapu zinaweza kukaa ndani ya kasha la gari la mbio bila dalili yoyote kwa nje. Ushahidi wa kweli ni kuhesabu. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, toa plagi, tia gia ya kwanza, weka alama kwenye puli ya krenkshafti na kwenye propela, kisha zungusha injini kwa spana hadi propela imalize mizunguko kumi. Gia tano za 240Z zitakupa mizunguko 29 ya injini. Gia nne za awali zitakupa karibu 36. Kwa difu, zungusha magurudumu hayo mawili pamoja yakiwa bado juu. Likizunguka moja huku jingine limesimama, hesabu itatoka nusu, na kosa hilo ni rahisi mno kulifanya. Spidomita nayo ni shahidi mzuri: kebo yake huanzia nyuma ya giaboksi, kwa hiyo gari la 3.364 lililobadilishiwa difu ya 3.9 husoma 116 likiwa kwenye 100.

Pingamizi zito zaidi ni la uchumi. Spea asilia ni adimu, na ustadi wa jua kali wa kuchanganya umeyaweka magari mengi barabarani. Nakubali, na sitamlaumu anayefunga giaboksi nzima ya pikapu akijua anachofanya. Ninachokataa ni kuchanganya gia ndani ya kasha moja. Umbali wa shafti ukiwa mmoja, gia za seti mbili zinaweza kuingia, lakini meno yake hayakukatwa yaumane. Isitoshe, gia zote isipokuwa ya nne hupitia jozi ya mbele; ukiibadilisha hiyo umebadilisha kila kitu. Ringi za kusawazisha mwendo nazo ni za aina mbili: kwenye namba ya giaboksi, herufi C ni mfumo wa Porsche, W ni Warner, na hazibadilishani. Kwa Warner, pima nafasi kati ya ringi na gia. Ikipungua chini ya milimita 0.8, ringi imekwisha. Badilisha beringi zote kwa pamoja, kisha tia oili ya GL-4, kwa kuwa baadhi ya GL-5 hula shaba ya ringi hizo.

Kabla hujanunua hata beringi moja, hesabu mizunguko ya giaboksi na ya difu, uiandike, na umpe fundi karatasi hiyo pamoja na funguo za gari.