Fahamu: Serikali ikiuza, nani anasimamia?

Serikali ya Kenya imeamua kuuza tena. Mwaka 2025 Bunge liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya Kampuni ya Bomba la Mafuta. Wanaotetea uuzaji wa aina hii hutoa hoja ile ile: mwekezaji ataleta nidhamu ambayo wakurugenzi wa kuteuliwa kisiasa hawana. Wakazi wa Naro Moru, mji ulio kwenye njia ya reli ya Nanyuki, wana reli ya kupimia hoja hiyo.

Novemba 2006, Kenya na Uganda zilikabidhi uendeshaji wa reli zao kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Mali ilibaki ya umma. Kampuni ilipe ada, iwekeze, isafirishe mizigo zaidi. Kwenye karatasi, safi kabisa. Lakini mwanahisa kiongozi, Sheltam ya Afrika Kusini, mtaji ulimshinda. Wenye hisa wakavutana, na 2010 Citadel Capital ya Misri ikashika usukani. Mkataba ukavunjwa 2017.

Tatizo, kwa maoni yangu, lilikuwa usimamizi. Kampuni haikuwa kwenye soko la hisa, hivyo hakukuwa na wanahisa wadogo wa kuibana kwenye mkutano mkuu, kama wanavyoweza wale wa Safaricom tangu 2008. Na njia ya Thika hadi Nanyuki, inayopita Naro Moru kwenye viazi na ngano? Ilifufuliwa 2020 na Shirika la Reli lenyewe, likisaidiwa na wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS).

Kwenye bomba, basi, tazama kwanza nani anateua wakurugenzi. Asilimia 35 inayobaki serikalini inatosha kuzuia azimio maalumu, ambalo kisheria huhitaji asilimia 75 ya kura.