Kusoma fasihi ya Kiingereza: kwani utafanya kazi gani?

Wadau wa Dom, swali hilo mshua aliniuliza pale Chamwino siku naaga kwenda Marekani. Sasa mnaniuliza nyie, ngoja niliweke sawa.

Nilikosoma ni chuo kidogo, shahada miaka minne. Huingii umeshachagua kozi kama hapa UDOM. Unachanganya kwanza, hesabu, historia, baiolojia, halafu mwaka wa pili ndo unatangaza fani. Mimi nikasema fasihi na uandishi wa kubuni. Ada ni balaa, ila vichache kama Amherst hupima uwezo wa familia na kufidia pengo lote, hata kwa mgeni. Kuingia sasa, hapo ndo kimbembe.

Darasa la kutunga lilinitoa jasho. Unagawa nakala za hadithi yako, wenzio wanaichambua, wewe umefunga mdomo. Niliandika habari za bibi akisaga uwele mwaka wa njaa. Mmoja akataka nieleze uwele ni nini, mwingine Wagogo ni kina nani. Nikajaza maelezo mpaka bibi mwenyewe akapotea! Rasimu ya tatu nikafuta yote, nikaacha "uwele" hivyohivyo. Baadaye nikamsoma Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021. Naye huchomeka Kiswahili ndani ya Kiingereza chake bila kuomba radhi.

Kazi? Nafundisha, nahariri ripoti za miradi. Hela ya kawaida tu. Mshua bado anauliza, ila aliomba nimsimulie ile hadithi kwa Kigogo. Nilipofika kwenye kusaga akanikatisha: jiwe lilikuwa la jirani.