Mteja Amelipa, Programu Haijui

Duka la mtandaoni siku hizi ni nadra kuwa programu moja. Nyuma ya ukurasa anaouona mnunuzi kuna programu kadhaa ndogo: moja inatunza orodha ya bidhaa, nyingine inahesabu kilichobaki stoo, nyingine inatuma ujumbe mfupi, na nyingine kazi yake ni malipo tu. Huitwa huduma ndogo, na huzungumza zenyewe kwa zenyewe kupitia mtandao. Netflix ni miongoni mwa kampuni zilizozipa umaarufu. Agosti 2008 hifadhidata yake iliharibika, na kwa siku tatu ikashindwa kuwapelekea wateja DVD. Ikaamua kuuvunja mfumo wake mkubwa vipande vipande na kuhamia AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kazi iliyokamilika Januari 2016.

Mwanaprogramu anayetaka kuitumia huduma ya namna hiyo si lazima aandike kila ombi mwenyewe. Hupakua maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa, unaojua anwani ya huduma, jinsi ya kujitambulisha kwake na jinsi ya kusoma majibu yake. Kwenye Python ni amri moja tu ya pip, kwenye Node.js ni npm. Mistari michache baadaye ombi la kwanza linakwenda na jibu linarudi. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo.

Mfano ulio karibu ni Daraja, API (njia ya programu kuzungumza na huduma) ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya. Anayejisajili hupewa funguo mbili, mmoja wa utambulisho na mwingine wa siri. Maktaba huziunganisha, huzigeuza kwa usimbaji wa Base64 na kuzituma ili ipate tokeni, yaani kibali cha muda, ambayo hudumu saa moja. Tofauti ya maktaba nzuri na mbovu huanza kuonekana hapa. Nzuri huitunza tokeni na kuomba nyingine kabla ile haijaisha. Mbovu huomba mara moja tu programu inapowashwa. Hii ya pili hupita majaribio yote, kwa kuwa ni nani anayefanya majaribio kwa zaidi ya saa moja mfululizo? Ikishaingia kazini, malipo hugoma saa moja baadaye bila mtu kugusa kitu.

Baada ya tokeni huja ombi lenyewe, lile linalofungua kidirisha cha PIN kwenye simu ya mnunuzi. Ombi hilo lina nywila inayopatikana kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo maalumu, na muda ulioandikwa kuanzia mwaka hadi sekunde bila nafasi, kisha vyote vikageuzwa kwa Base64. Muda uliomo ndani ya nywila lazima ufanane na ule unaotumwa kando yake. Namba ya simu ianze na 254, si 0. Mambo kama haya humpotezea mtu siku nzima, na maktaba inayoyamaliza kimyakimya imestahili nafasi yake.

Mtego mkubwa ni wa sufuri mbili. Ombi likipokelewa, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode yenye 0 pamoja na namba ya kufuatilia, CheckoutRequestID. Sufuri hiyo haisemi kwamba mnunuzi amelipa. Inasema ombi limepokelewa tu. Matokeo huja baadaye, kwenye anwani ambayo duka limeitaja, yakiwa na ResultCode. Hapo 0 ndiyo malipo yamekamilika, 1 ni salio halitoshi, na 1032 ni mnunuzi ameghairi. Programu inayoandika “imelipwa” kwa sufuri ya kwanza huruhusu mzigo utoke stoo bila shilingi kuingia.

Kuna pia wakati huduma inapokaa kimya. Maktaba ya Requests ya Python, inayotumika kila mahali, husubiri bila kikomo usipoiwekea muda. boto3, maktaba ya Python ya AWS, kwa chaguo-msingi husubiri sekunde 60. Sekunde hizo ni nyingi: huduma ya malipo ikikwama, maombi yanarundikana kwenye huduma inayoiita, nayo inakwama, hadi ukurasa wa bidhaa usifunguke ingawa hauna uhusiano wowote na malipo. Kwa ajili ya hilo Netflix ilitoa maktaba ya Hystrix mwaka 2012. Chaguo-msingi lake ni kusubiri sekunde 1 tu, na ndani ya sekunde 10 kukiwa na maombi yasiyopungua 20 huku nusu yakishindwa, hukata mawasiliano kwa sekunde 5 kabla ya kujaribu tena. Mwaka 2018 kampuni iliacha kuiendeleza, lakini mbinu ile inaendelea kwenye maktaba kama Resilience4j.

Kujaribu tena nako kuna hatari yake. Muda ukiisha bila jibu, pesa huenda imeshakatwa na ni jibu tu lililopotea njiani. Ukirudia ombi, mnunuzi anatozwa mara mbili. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, hulizuia hili kwa ufunguo wa pekee unaoambatana na kila ombi: likija tena lenye ufunguo uleule, hurudisha jibu la mwanzo bila kukata pesa upya. Maktaba zake rasmi hutengeneza ufunguo huo zenyewe zinaporudia ombi. Kwa Daraja, lililo salama ni kuuliza kwanza hali ya ombi la mwanzo kwa kutumia CheckoutRequestID, ndipo utume jingine.

Maktaba nyingi za Daraja zilizoko kwenye hazina za npm na PyPI zimeandikwa na watu wa nje ya Safaricom, na yoyote utakayoichagua itashika funguo zako za siri. Soma msimbo wake kwanza, tazama ilisahihishwa lini mara ya mwisho, funguo ziweke kwenye vigezo vya mazingira wala si ndani ya msimbo, na uijaribu kwa namba ya biashara ya majaribio ya Daraja, 174379, kwa zaidi ya saa moja kabla haijagusa pesa ya mtu.