Maji ya mvua jijini hatuyaondoi, twayahamisha tu

Kila masika yanapobisha hodi, kilio ni kile kile: mitaro izibuliwe, mitaro ipanuliwe, mitaro mipya ichimbwe. Mimi sina ugomvi na mitaro. Lakini kuna swali ambalo hatujaliuliza kwa dhati, nalo ni hili: maji hayo tunayoyafukuza kwa pupa namna hiyo, tunayafukuza yaende kwa nani?

Mji wa Nairobi ulianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, penye kinamasi ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo. Jina lenyewe latokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi. Kinamasi si ardhi iliyolaaniwa, kama wengi wetu tunavyodhani. Hupokea maji ya mvua, huyaweka, huyachuja, kisha huyaachilia polepole. Sisi tulikikausha tukajenga juu yake, na hadi leo twashangaa maji yanaporudi kudai makao yao.

Hebu mwalimu na mwanafunzi wanisaidie kwa hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita mraba moja, hiyo ni lita moja kamili. Chukua basi kiwanja cha nusu ekari huko Kileleshwa au Kilimani, yaani takriban mita mraba 2,000. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo, kiwanja hicho kimoja kimepokea lita 100,000. Zamani palikuwa na nyumba moja, nyasi na miti, na sehemu kubwa ya maji hayo iliingia ardhini. Leo pamesimama ghorofa refu, na ua wote umefunikwa saruji ili magari yapate pa kuegeshwa. Karibu maji yote hutoka langoni kwa muda mfupi sana.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Ya Kilimani na Kileleshwa huingia katika vijito vya Kirichwa, kisha katika Mto Nairobi, yakapita Gikomba na kuteremka hadi Korogocho. Anayeishi huko chini hupokea mvua yake mwenyewe na pia ile iliyowaangukia matajiri wa juu.

Mafuriko ya mwaka wa 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mtaa wa Mathare uliumia sana, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa Aprili 29 zikafunguliwa Mei 13. Serikali iliwaamuru walioishi kando ya mito wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Nakubali kwamba ukingo wa mto si mahali pa kulaza watoto. Hata hivyo, mbona amri ile haikupanda mlima? Sikusikia mwenye jumba lolote la kifahari akiulizwa ni lita ngapi anazomwagia jirani yake wa chini.

Kuna pia suala la uchafu. Watu wengi huamini kwamba maji ya mtaroni hupelekwa Ruai kusafishwa. La hasha! Mabomba yanayoelekea Ruai ni ya majitaka. Mitaro ya mvua humwaga moja kwa moja mtoni. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwani huosha barabara nzima: oili ya gereji, vumbi la magurudumu na breki, mavi ya mifugo, chupa za plastiki. Isitoshe, wapo wajenzi wanaounganisha maji ya paa na bomba la majitaka, likafurika barabarani, na wapo wanaofanya kinyume, wakauelekeza uchafu wa choo katika mtaro wa mvua. Yote hayo hufuata Mto Athi, kisha Galana na Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Kuyasafisha hakuhitaji kiwanda. Uchafu mwingi hushikamana na matope, kwa hiyo maji yakipunguzwa kasi katika bwawa dogo, matope hutulia chini. Yakipitishwa baadaye katika matete na mafunjo, au katika handaki la mchanga na changarawe, huchujwa zaidi. Sharti ni moja, nalo hutushinda daima: matope yale lazima yazolewe. Bwawa la Nairobi, lililojengwa miaka ya 1950 na ambalo watu waliwahi kuendeshea mashua za tanga, lilikuja kujaa matope, taka na gugumaji kwa sababu ya kuachwa hivi hivi.

Wala dawa moja haifai kila mtaa. Udongo mwekundu wa magharibi mwa jiji hunywa maji vizuri, na shimo la kokoto uani litasaidia. Ule mweusi wa Embakasi ukilowa huvimba na kujifunga. Huko shimo hilo litakuwa kidimbwi cha mbu, na afadhali matangi.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua mijini. Viongozi wetu hawachoki kutuimbia habari za Singapore. Basi watuimbie na hii: tangu 2014, anayejenga huko kwenye kiwanja cha hekta 0.2 au zaidi hulazimika kupunguza kasi ya maji ndani ya kiwanja chake kabla ya kuyaachilia mtaroni. Hekta 0.2 ni ile nusu ekari yetu ya Kileleshwa. Kaunti inayoidhinisha ramani za majengo yaweza kudai hivyo bila kuchimba mtaro hata mmoja.

Walimu nao wasisubiri. Paa la madarasa lenye mita mraba 400, kwa mvua ile ile ya milimita 50, hutoa lita 20,000, yaani mapipa 100 ya lita 200. Wanafunzi na wapime paa lao, wapige hesabu, kisha waufuate mtaro wa langoni wajue unaishia katika mtaa wa nani. Kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kwani mtaro uliojaa si mahali pa mtoto.