Eneo la Wazi na Bei ya Kiwanja

Katika ramani ya mipango ya mji wowote wa Tanzania, uwe mkubwa kama Mwanza au mdogo kama Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, huwa yapo maeneo ambayo hayakugawanywa kuwa viwanja vya kujenga. Hayo ndiyo maeneo ya wazi: bustani, viwanja vya michezo, mikanda ya miti. Mtu anayetafuta mahali pa kujenga huyaona kama ardhi iliyosahauliwa. Mtaalamu wa uchumi wa ardhi huona kinyume chake, kwa maana eneo lisilouzwa laweza kupandisha bei ya kila kiwanja kinacholizunguka. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, jinsi linavyopimwa, na kwa nini thamani hiyo hiyo huwa hatari kwa eneo lenyewe.

Kwanza ifahamike kwamba hakuna mtu anunuaye nyumba tupu. Anunuapo nyumba hununua pamoja nayo idadi ya vyumba, ukaribu wa barabara, bomba la maji, shule, majirani, na hewa ya mahali pale. Sifa hizi haziuzwi moja moja sokoni, bali zote zimefungwa katika bei moja. Wachumi Kelvin Lancaster, mwaka 1966, na Sherwin Rosen, mwaka 1974, ndio waliolijengea wazo hili msingi wa nadharia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuliandika kwa mlinganyo:

B = k + av + bm + cu

Hapa B ni bei, v ni idadi ya vyumba, m ni umbali kutoka barabara kuu, na u ni umbali kutoka bustani. Herufi k, a, b na c ni namba zisizobadilika, ambazo mtafiti huzitafuta kwa kukusanya bei za nyumba nyingi na kutafuta mlinganyo unaokaribiana zaidi na bei zote kwa pamoja. Namba inayotakiwa hapa ni c. Ikiwa ni hasi, maana yake ni kwamba kila mita moja ya kwenda mbali na bustani hupunguza bei, hata baada ya vyumba na barabara kuhesabiwa.

Wapimaji na wajenzi walilijua jambo hili kabla ya nadharia kuandikwa. Bustani ya Birkenhead, karibu na Liverpool, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1847, na sehemu ya gharama zake ilitokana na kuuza viwanja vya pembezoni mwake. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850. Baadaye, alipoishughulikia bustani ya Central Park ya New York, iliyoanza kujengwa mwaka 1858, aliweka hesabu ya thamani ya ardhi katika kata tatu zilizoizunguka ili kuonyesha kwamba kodi iliyoongezeka ingeweza kulipia bustani yenyewe. Hoja hii ya kodi itarejewa, kwa sababu hapa kwetu ndipo inapokwama.

Mwaka 2001 John Crompton wa Texas alipitia tafiti 30 za aina hii, nyingi zikiwa za Marekani, akakuta 25 kati yake zinaunga mkono kwamba bustani hupandisha bei. Alipendekeza kwamba, kwa nyumba zinazopakana na bustani tulivu, nyongeza ya asilimia 20 ni makadirio ya kuanzia. Nguvu hiyo haifiki mbali. Kwa bustani ndogo ya mtaa, sehemu kubwa ya nyongeza huishia katika mita 150 hivi za mwanzo.

Hata hivyo, ukaribu si baraka daima. Utafiti uliofanywa Baltimore na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mahali penye uhalifu mwingi bustani hushusha bei za nyumba za jirani. Jambo hili halimshangazi mtu anayeijua miji yetu: uwanja usio na taa wala mlinzi, unaogeuka jalala, hauwezi kumpendeza mnunuzi.

Mfano ulio karibu nasi ni msitu wa Karura, Nairobi, wenye ukubwa wa hekta 1,000 na zaidi kidogo. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi binafsi. Wangari Maathai na wenzake waliongoza upinzani, na Januari 1999 walipigwa walipokwenda kupanda miti. Msitu haukujengwa. Leo unapakana na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, ambayo ni miongoni mwa mitaa ya gharama kubwa Nairobi. Lakini mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba msitu ndio uliopandisha bei hizo. Gigiri ndipo zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa, na Muthaiga ulikuwa mtaa wa matajiri tangu enzi ya ukoloni. Kutenganisha athari ya msitu na athari ya majirani hao ndiyo kazi ya mlinganyo ulioonyeshwa juu, na ndiyo kazi ngumu.

Mkoa wa Shinyanga una utaratibu wake wa kale wa ardhi iliyofungwa, nao ni ngitili. Wasukuma hufunga eneo la malisho wakati wa masika ili nyasi na miti vikue, kisha hulifungua kiangazi kwa utaratibu unaokubaliwa. Ufyekaji wa mapori kwa ajili ya mbung'o na pamba, kisha kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970, viliudhoofisha sana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Tathmini ya mwaka 2005 ilikadiria manufaa ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Tofauti ni hii: ngitili humlipa mwenyewe kwa nyasi, kuni na dawa, bustani ya mji haimlipi mwenyewe, yaani umma, bali humlipa jirani mwenye kiwanja.

Kwa muda mrefu hata kuzungumzia bei ya ardhi kulikuwa na utata nchini Tanzania. Ardhi yote ni mali ya umma, na kilichohesabiwa kuwa na thamani ni maendelezo yaliyo juu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Lakini thamani itokanayo na eneo la wazi hairudi kwa halmashauri kama Olmsted alivyotaka. Utaratibu ulioanzishwa mwaka 2021 wa kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme hutoza nyumba za kawaida kiwango kimoja, iwe inatazamana na bustani au na machimbo ya mchanga. Halmashauri inabeba gharama za kulinda eneo na haioni mapato yake. Kwenye vitabu vyake eneo hilo ni hasara, na kiwanja kinachoweza kumegwa humo ni mapato.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo la wazi limezungukwa na viwanja 24, na kila kimoja kimepanda kwa shilingi 200,000 kwa sababu yake. Jumla ni shilingi 4,800,000. Eneo likikatwa viwanja 3 vya shilingi 1,500,000, muuzaji hupata 4,500,000. Mji umepoteza kuliko ulichopata, lakini hasara imegawanyika kwa watu 24, na hakuna hata mmoja atakayefunga safari kwenda baraza la ardhi kwa ajili ya laki mbili. Faida yote imekwenda upande mmoja. Kama eneo lingetoa viwanja 6, hesabu ya bei ingeunga mkono kulikata. Ila hesabu hiyo haimwoni mpangaji wa chumba kimoja ambaye watoto wake hucheza pale, wala maji ya mvua ambayo eneo hilo huyanywa. Mpangaji huyo huyo, bustani ikitunzwa vizuri, huenda akapandishiwa kodi ya chumba.

Mwalimu wa hisabati au jiografia anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi waulize bei za viwanja zinazotajwa na madalali, wapime kwa hatua umbali wa kila kiwanja kutoka eneo la wazi, barabara na bomba, kisha wachore nukta kwenye karatasi ya grafu. Katika mji unaokua kama Mhunze huenda barabara na maji vikaonekana kuwa na nguvu kuliko kivuli cha miti. Matokeo hayo nayo ni ya kisayansi, mradi viwanja vilivyolinganishwa viwe na ukubwa ulio sawa na bei ziwe za mwaka mmoja.